Msamaha wa Makaburini

Majivu ya miwa yalianza kudondoka uani kwa Mwanne kabla hajamaliza kuchambua mchele. Watu wa Ruhembe wameyazoea majivu hayo. Msimu mzima huyafagia asubuhi, huyakung'uta kwenye nguo zilizoanikwa, wala hawaoni haja ya kuyatukana. Mwanne naye aliyapuuza, akaufunika ungo kwa kanga na kuendelea na kazi yake. Aliinua kichwa pale tu aliposikia watu wakikimbia njiani na mwanamume mmoja akipiga kelele kwamba moto umevuka tuta.

Aliondoka mkekani mbio mpaka kwenye mlango wa ua. Akashika komeo, halafu akakumbuka kuwa yumo edani. Kibwana, mumewe, alifariki baada ya Saba Saba, na mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, na dharura yenyewe sharti wengine wakubali kwamba ni dharura. Basi akabaki pale kashika komeo, ananusa moshi mtamu na kujiuliza ni shamba la nani linaloungua. Jibu alikuwa nalo tayari, ila alikuwa hataki kulisikia.

Aliyekuja kumwambia alikuwa Bonifas, mnyapara wa wakataji miwa. Alisimama nje ya ua kwa heshima zake zote, akapiga hodi.

"Usitoke, mama Ziada. Nitasemea hapahapa."

"Sema tu, baba."

"Tulikuwa tunachoma kwa Filipo, jirani yenu. Upepo ukageuka. Moto umeingia kwa marehemu. Tumeupiga na matawi mpaka tumechoka, umetushinda. Limeungua lote."

Mwanne akavuta pumzi. "Bonifas, miwa si huchomwa ndipo ikatwe? Kama imeungua leo, kesho ikate."

Bonifas akashusha sauti. "Hilo ndilo lililonileta, mama. Shamba lenu halimo kwenye orodha ya kukatwa. Nilidhani litatokea kwenye orodha inayofuata, halikutokea. Sina kibali chake. Bila kibali lori halibebi na mizani haipimi. Na muwa ulioungua unaujua mwenyewe. Siku ya tatu, ya nne, umechacha, kiwandani wanaurudisha."

Aliaga akarudi kwa watu wake. Mwanne alikaa chini pale pale mlangoni, kwenye vumbi. Miwa ile ndiyo iliyokuwa kila kitu. Ndani kulikuwa na mahindi yasiyojaza debe na mchele wa kupewa, na kiwanda kingefunga mvua zikianza. Ikichacha shambani, hakuna kingine mpaka mwaka kesho, na huo mwaka kesho shamba lingelimwa na nani, kwa pesa ya nani? Akamwita Ziada, binti yake mkubwa aliyekuja kukaa naye edani, akamwambia ambebe mwanawe mgongoni aende ofisi ya Umoja sasa hivi, asisimame na mtu njiani.

* * *

Umoja wa wakulima ulianzishwa kiwanda kilipopata mwekezaji na wakulima wadogo wakaambiwa wajipange wenyewe. Ndio uliokopesha trekta, mbegu na mbolea, kisha ukakata chake miwa ikishapimwa. Mwaka uliotangulia ulikuwa umenunua kompyuta. Ililetwa na programu ya ankara kutoka Dar es Salaam, ikatengewa chumba chenye pazia na zulia, na ukitaka kuingia unavua viatu mlangoni kama unaingia msikitini. Wakulima waliokuwa wakigombana na makarani kwa miaka, sasa waliambiwa kompyuta haigombani na mtu.

Ziada alirudi uso umemvimba kwa hasira.

"Mama, wanasema baba hajawahi kulima miwa."

"Nani anasema?"

"Kompyuta. Karani wao, Editha, katafuta jina, jina lipo, uanachama upo. Lakini shamba hana, mbegu hajachukua, trekta haijawahi kumlimia. Nikamwambia miwa yenyewe inaungua, toka nje uutazame moshi. Wanaume kwenye benchi wakacheka. Mmoja kaniuliza kama baba alikuwa analima ndotoni."

"Na Editha kasemaje?"

"Hakusema kitu. Alikuwa anaangalia chini tu."

"Trekta ililima nini sasa, kichwa changu?" Mwanne alianza kutembea uani, kutoka jikoni hadi chooni, kutoka chooni hadi jikoni. Mtoto wa Ziada alianza kulia, hakuna aliyemwangalia.

Alasiri ilipopita akaja Ashrafu, mdogo wake Kibwana, fundi baiskeli wa pale sokoni. Alikaa ukumbini, na Mwanne akakaa chumbani nyuma ya pazia, maana shemeji si mtu wa kuonana uso kwa uso na mwanamke wa eda. Ashrafu alikuwa mtu mpole, anayeamini kwamba jambo likisemwa polepole hupungua ukubwa.

"Litatengemaa, shemeji. Umoja hauwezi kututupa. Si ndio waliomsamehe kaka deni lote?"

Mwanne alilijua jambo hilo kwa vipande vipande tu, kwa kuwa wanawake hawakwenda makaburini. Akamwambia asimulie tena, yote.

"Nilisimama nikasema kama inavyosemwa," Ashrafu akasimulia. "Kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze, familia tutalipa. Kukawa kimya. Ndipo Mwenyekiti akasogea mbele akasema, Umoja umemsamehe Kibwana kila kitu, aende mwepesi. Watu waliitikia kwa sauti moja, shemeji. Hata waliokuwa wanafukia walisimamisha majembe."

Mwenyekiti huyo, bwana Melkizedek, hakuwa Mwislamu, lakini hakuna maziko aliyoyakosa, hasa mwaka wenye uchaguzi wa Umoja. Watu walimpenda kwa hilo, na Mwanne mwenyewe alikuwa amemwombea dua.

"Wakishasamehe deni," Mwanne akauliza taratibu, "wanalifanya nini?"

"Wanalifuta."

"Wanalifuta wapi?"

Ashrafu akavua kofia, akaiweka mezani.

* * *

Jibu lilikuja kwa mlango wa nyuma, jua likizama. Alikuwa Editha mwenyewe, karani wa kompyuta, msichana mwembamba aliyesomea Morogoro. Alimsalimia Mwanne shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa mkeka chumbani. Kabla hajakaa vizuri alikuwa analia.

"Ni mimi, mama. Siku ya maziko Mwenyekiti aliporudi aliniambia, mfute Kibwana, asibaki na hata chembe. Nikafungua jina lake nikafuta. Ankara ya trekta, ya mbegu, ya mbolea, ya palizi. Nilifurahi, mama. Nilijiona natenda jema."

"Endelea."

"Sikujua kwamba shamba linaingia kwenye programu kwa ankara ya mbegu. Mtu asiye na ankara ya mbegu, programu inajua hakupanda. Hakupanda, hana shamba. Hana shamba, hawezi kutokea kwenye orodha ya kukata. Leo alipokuja Ziada ndipo nikaelewa, nikashindwa kusema mbele ya wale watu."

Mwanne alimtazama kwa muda mrefu. Alitaka kumkasirikia, hasira ikawa haiji; ilikuja kitu kama kicheko, akakizuia kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo mmemsamehe mume wangu mpaka shamba lake."

"Nisamehe, mama."

"Usinitajie tena neno hilo. Hizo ankara zinarudi?"

"Zinarudi." Editha akafuta macho. "Ile programu haitupi kitu, inaficha tu. Kuna mahali pa kutazama zilizofutwa. Nimezikuta zote, na tarehe zake. Unaichagua, unabonyeza kurejesha. Ila inataka neno la siri la Mwenyekiti. Na zikirudi, mama, zinarudi na deni."

"Rejesha ya mbegu peke yake."

"Ya mbegu ndiyo kubwa kuliko zote. Na zimefungana, ukiinua moja zinainuka zote."

"Haiwezekani!" Sauti ilitoka ukumbini. Ashrafu hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama, kivuli chake kimejaa kwenye pazia. "Shemeji, nisikilize. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini. Nilimpokea kaka kwa mikono hii nikamlaza, na roho yangu ilikuwa nyeupe, kwa sababu nilijua hana deni la mtu. Unajua deni linavyomwelemea maiti. Leo unataka kwenda kumbebesha tena kwa ajili ya miwa?"

"Kwa ajili ya miwa yake, Ashrafu. Aliyoipalilia na homa."

"Nitakulisha mimi. Tutagawana tulicho nacho."

"Una watoto sita na pampu moja."

Lilikuwa neno baya, na Mwanne alijuta papo hapo, lakini hakulirudisha. Akamgeukia Editha. "Deni linaweza kuandikwa kwa jina langu?"

"Linahamishika. Nikisharejesha, naihamisha akaunti yote kwa mwanachama mwingine. Mrithi anaruhusiwa kuingia."

"Basi rejesha, halafu hapo hapo hamisha. Umesikia, Ashrafu? Kwa kaka yako litapita tu. Litakuja kukaa kwangu."

Walimsikia akiokota kofia yake mezani. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile.

* * *

Asubuhi Mwanne alivaa baibui, akafungua komeo mwenyewe na kutoka. Jua lilimchoma macho. Ziada alitangulia mbele. Kwenye bomba la maji wanawake waliacha kuzungumza, mmoja akatua ndoo yake chini ili atazame vizuri.

"Anakwenda wapi na eda yake?" akauliza, kwa sauti iliyopimwa imfikie mwenyewe.

Mwanne hakugeuka. Alichokuwa akikisikia ni harufu ya miwa iliyoungua. Jana ilikuwa tamu. Leo alidhani imeanza kubadilika, ingawa Ziada alimwambia ni mawazo yake.

Bwana Melkizedek alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akampa pole kwa Kiswahili cha mikutano, akamsikiliza mpaka mwisho huku akiizungusha kalamu vidoleni. Kisha akatikisa kichwa.

"Mama, hili ni gumu. Neno lile nililitoa mbele ya kaburi, mbele ya shehe, mbele ya wanachama. Leo nikirejesha, watasema Melkizedek anasamehe makaburini na kudai ofisini. Mkutano mkuu ni mwezi ujao."

"Hawatasema hivyo wakijua nimeomba mwenyewe."

"Watajuaje?"

Mwanne akautazama mlango wa barazani.

"Labda uwaambie wewe," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Wapo hapo barazani, wote ni wanachama. Waambie, mimi nitakuja kuweka neno langu la siri. Sina kinyongo."

Mwanne alimchukia mtu yule, akaichukia na tai yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kusema mbele ya kikao cha wanaume, na leo alitakiwa kusema akiwa edani, sauti yake ikiwa kitu cha kufichwa. Alifikiria kurudi nyumbani. Alifikiria vilevile muwa unavyochacha, unavyoanza kutoa povu kwenye pingili. Akainuka akatoka barazani.

Wanaume walikuwa wamejaa kwenye benchi na wengine wamechuchumaa ukutani, wakisubiri vibali vyao. Walipomwona wakanyamaza mmoja mmoja.

"Jamani," akaanza, na sauti ikakwama. Akakohoa. "Mimi ni mke wa Kibwana. Umoja ulimsamehe mume wangu deni, tukashukuru. Sasa msamaha ule umefuta na shamba. Miwa imeungua, haina kibali. Ninaurudisha msamaha. Naomba deni lirudi, nitalilipa mimi. Mwenyekiti hakunidai. Nimeomba mwenyewe."

Mzee mmoja wa mwisho wa benchi akainamisha sikio. "Anasemaje?"

"Anasema anataka kudaiwa," akajibiwa.

Kicheko kikapita barazani. Hakikuwa cha ubaya hasa. Kilikuwa cha watu waliochoka kusubiri. Hata hivyo Mwanne alihisi uso wake unawaka chini ya ushungi, akageuka kuingia ndani, akakaribia kujikwaa kwenye kizingiti.

Walivua viatu. Mwenyekiti aliinama mbele ya kompyuta, akabonyeza herufi zake kwa kidole kimoja, akatoka kwenda kuwapungia mkono wanachama wake. Editha akafungua ukurasa wa zilizofutwa na kuanza kusoma kwa sauti ndogo, huku akibonyeza.

"Trekta, kulima. Imerudi. Trekta, kupiga matuta. Imerudi. Mbegu..."

Mwanne alisimama nyuma yake. Hakujua kusoma kile kioo, lakini kila Editha alipotaja jambo yeye aliiona siku yake: Kibwana akila ugali wima ukingoni mwa shamba kwa hofu kwamba trekta itaruka mstari, Kibwana na mzigo wa mbegu begani, anacheka kwamba amekuwa mwekezaji. Hakuwa amelia tangu arobaini ipite. Alilia pale, kwenye zulia, na hakujali nani anaona.

"Palizi. Imerudi," Editha akasema. "Shamba hilo limetokea, mama. Hilo hapo."

Printa ikakoroma, ikatema karatasi. Ziada aliipokea akatoka nayo mbio kumtafuta Bonifas, mtoto akirukaruka mgongoni.

"Sasa hamisha," Mwanne akasema.

"Nahamisha. Jina kamili, mama? Mwanne binti..."

Kioo kikawa cheusi. Feni juu ya vichwa vyao ikapunguza mwendo, ikasimama. Kutoka barazani ilisikika sauti ya watu wengi wakisema "Aaah!" kwa pamoja.

"Umeme," Editha akanong'ona.

"Utarudi saa ngapi?"

"Mgao huu, mama. Pengine jioni. Pengine kesho."

"Jenereta?"

"Haina dizeli tangu wiki iliyopita."

Mwanne aliutazama ule weusi. "Kwa hiyo sasa hivi deni liko kwa nani?"

Lilikuwa kwa Kibwana, na wote wawili walijua.

* * *

Mchana ule miwa ilikatwa. Bonifas aliwaleta watu wake wote, na malori yalianza kupita nyuma ya nyumba yakielekea Kidodi kwenye mizani, moja baada ya jingine, yamejaa hadi kupindukia. Watoto waliyakimbilia kuchomoa muwa mmoja mmoja. Ilikuwa siku ya kufurahi. Mwanne hakuweza kukaa kitako.

Nyumba yake haikuwa na umeme, kwa hiyo hakuwa na njia ya kujua kama umerudi. Alimtuma Ziada dukani kwa Domina, mwenye friji, kuangalia kama taa yake nyekundu inawaka. Haikuwaka. Baadaye kidogo akamtuma tena. Safari ya tatu Domina alimwambia Ziada kwamba kama mama yake anataka soda ya baridi aseme tu, atamwekea.

Ashrafu alikuja baada ya magharibi. Alikaa kwenye kiti kilekile ukumbini.

"Limehamishwa?"

"Umeme ulikatika, Ashrafu. Walikuwa wameshaliinua, hawajalihamisha."

"Kwa hiyo liko kwa kaka," Ashrafu akasema.

"Mpaka umeme urudi tu."

"Amelala nalo."

"Ashrafu, nami naumia. Usidhani siumii."

"Najua," akasema, na kweli sauti yake haikuwa na lawama. Uliokuwemo ulikuwa woga mtupu, woga wa mtoto anayemlilia mkubwa wake, na Mwanne aliona afadhali angemtukana.

* * *

Siku iliyofuata, kabla ya saa nne, Ziada alirudi kutoka kwa Domina anahema. "Umewaka! Na baba mdogo yuko Umoja. Wanasema kakaa barazani pale tangu alipotoka kuswali alfajiri."

Mwanne alivaa baibui njiani. Safari hii kwenye bomba hakuna aliyetua ndoo. Alishakuwa habari ya jana.

Alimkuta Ashrafu anatoka kwenye chumba cha kompyuta, viatu mkononi, uso umekunjuka. Bwana Melkizedek alikuwa nyuma yake, ameridhika kabisa.

"Shemeji, rudi nyumbani ukakae eda yako," Ashrafu akasema. "Nimelichukua. Lote limeandikwa kwa jina langu. Kaka hadaiwi, nawe hudaiwi."

Mwanne akajishika kwenye nguzo ya baraza. Mtu wa pampu moja, ambaye juzi alimsimanga mbele ya mgeni, alikuwa ameamka usiku akaja kujitwisha mzigo wa shamba lisilo lake. Alimpenda wakati ule kama ndugu wa tumbo moja. "Mungu akulipe, Ashrafu," akasema. "Nilikukosea, unisamehe." Watu wa kwenye benchi walisema huyo ndiye ndugu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alikuwa ameshageuka kuondoka, moyo wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu moto ule. Kisha akasimama.

"Editha," akaita kupitia mlangoni. "Miwa iliyopimwa jana, malipo yake yanaingia kwa nani?"

Editha alikuwa mbele ya kompyuta. Alibonyeza kitu, akatazama, akabonyeza tena.

"Shamba linafuata ankara ya mbegu, mama," akasema. "Ankara ya mbegu iko kwa baba mdogo."

"Na shamba?"

"Nalo liko kwake."

Ashrafu aliangusha kiatu kimoja. "Wallahi sikulijua hilo," akasema. "Shemeji, niangalie. Sikujua."

Mwanne alimwangalia, uso kwa uso, hakuna pazia, akaona kwamba anasema kweli. Ndiyo maana lilikuwa gumu. Angekuwa mwizi, angejua la kumwambia.

"Hayo ni mambo ya mashine tu," Ashrafu akaendelea kwa haraka. "Pesa ikitoka nakukabidhi mkononi, mpaka sumni ya mwisho. Shamba ni lako, nani hapa asiyejua?"

"Ni familia moja, mama," Mwenyekiti akaongeza. "Kwenye kompyuta paache hivyo. Tusianze tena kufungua mafaili. Au humwamini shemeji yako?"

Wote walimtazama. Ilikuwa rahisi sana kusema ninamwamini na kwenda zake. Ndicho walichokuwa wakikisubiri, na heshima ya Ashrafu mbele ya wanaume wenzake ilining'inia hapo.

"Namwamini," Mwanne akasema. "Namwamini kuliko ninavyokuamini wewe, Mwenyekiti." Akamgeukia Ashrafu, na sauti yake, ambayo jana ilikwama, leo ilitoka yote. "Sikuogopi wewe, baba. Naogopa siku nawe utakapolazwa kule, halafu mtu asogee mbele akusamehe."

Ashrafu aliinamisha kichwa. Akakiweka chini na kiatu cha pili, akamshika Mwenyekiti mkono kwa adabu. "Twende ndani, mzee," akamwambia. "Ukaweke tena hilo neno lako."

Mwanne alikuwa ameshavua ndara, ameshakaa kwenye kiti kando ya kompyuta.

"Nirudishie deni langu, mwanangu," akamwambia Editha. "Fanya upesi, kabla umeme haujakatika."